Kuku wanaharisha damu na mayai laini

Pole sana ndugu yangu. Umesema kuku wako 5 wamejikunyata, mabawa chini, kinyesi kina damu, halafu mayai yanatoka laini na unawalisha pumba na makombo ya ugali, mi hapo naona mambo mawili tofauti. Damu mara nyingi ni koksi (coccidiosis, ugonjwa wa vijidudu vya utumbo), inapenda banda lenye unyevu, so toa maranda yote leo leo weka makavu, kanunue amprolium (dawa ya koksi) duka la mifugo, wape kwenye maji kwa kipimo cha pakiti na usiwawekee maji mengine pembeni. Ila chungulia vizuri, ukiona mharo wa kijani na kuna anayepinda shingo hiyo huenda ni mdondo (kideri, Newcastle), haina dawa, watenge haraka umuite mtu wa mifugo.

Mayai laini sasa, hiyo mara nyingi ni msosi. Pumba na makombo ya ugali vinajaza tumbo tu. Ongeza mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, chokaa ya mifugo weka kwenye kopo pembeni wadonoe wenyewe. Wangu niliwalisha pumba tupu, ukishika yai kidole kinazama kabisa! Maganda ya mayai nayo poa, ila yakaange uyasage kwanza, wakiyatambua wataanza kula mayai yao.