Ile "s" isikudanganye, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kwa nini bosi wako alikata "the news are good" akaandika "is", kisha akakata "the scissors is" akaandika "are", ilhali "news" ina s mwishoni na mkasi ulikuwa mmoja tu. Sikushangai kuchanganyikiwa.

Chukua mkasi uupanue polepole. Utaona makali mawili yaliyoshikanishwa katikati kwa msumari mdogo. Mwingereza anayahesabu hayo mawili. Ndivyo anavyoiona "trousers" kwa miguu yake miwili, na "glasses" kwa vioo vyake viwili, hata suruali ikiwa moja. Sisi husema mkasi umepotea, suruali imechanika. Kwa hiyo uliwaza sawasawa kabisa, ila uliwaza kwa Kiswahili. Ukitanguliza "a pair of", weka "is", maana hapo kitenzi kinaifuata "pair".

"News" ina kisa chake. Zamani ilikuwa wingi kweli. Enzi za Shakespeare watu waliweza kusema hata "these news". Baadaye masikio yakaizoea kama kitu kimoja, s ikabaki pale pale. "Mathematics" na "physics" nazo huchukua "is", na kwa kawaida hata "measles", ule ugonjwa wa surua.

Usione Kiingereza peke yake ndicho kigeugeu. Tangu utotoni unasema maji yamemwagika, maziwa yamechacha, na hakuna aliyewahi kukuonyesha ji moja wala ziwa moja la kunywa. Hukufundishwa, ulisikia, ukashika. Na hizi za Kiingereza zinashikwa hivyo hivyo, kwa kusoma na kusikiliza sana.

Ninalotaka ulitazame kwa makini zaidi ni "statistics", kwa kuwa kazi yako ni ya hesabu. Likiwa somo, ni moja: "Statistics is difficult". Zikiwa takwimu zenyewe, ni nyingi: "These statistics are old". Herufi hazibadiliki hata moja, kinachobadilika ni kile ulichonacho moyoni unapoandika. Neno hili nalipenda sana kwa sababu hiyo.

Sasa rudi kwenye ile ripoti uliyoniambatanishia, mstari wa pili: "The statistics shows". Hapo unazungumzia takwimu zenyewe, kwa hiyo iondoe s ya "shows". Kwingine kote sijaona kosa, waweza kuituma.

Mama yako