Kukatika ncha za vidole na gitaa la solo: yaliyonikuta mimi, na ya Tony Iommi

Mkuu, pole sana. Umesema mashine ya kukatia majani ya ng'ombe imekula ncha za vidole viwili vya mkono wa kushoto, na kwenye kwaya wameshaanza kukusogeza upande wa ngoma. Usikubali haraka. Mimi randa ya umeme ilininyofoa ncha ya kidole cha kati mwaka 2011, kwenye karakana nisiyotaka kuitaja, na hadi leo napiga solo.

Aliyenitoa kwenye kukata tamaa ni Mwingereza, Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Black Sabbath. Najua wengi humu mnasema roki ni kelele, vumilieni kidogo. Alizaliwa Birmingham, mji wa viwanda, mwaka 1948. Akiwa na miaka 17 alikuwa mchomeleaji kwenye kiwanda cha mabati, na siku ya ajali ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho kazini, kwani alishapata bendi. Mchana alienda nyumbani kula, akataka asirudi. Mama yake akamwambia nenda kamalize siku. Mwenye mashine ya kukandamiza bati hakuja, akawekwa yeye. Ikamshukia mkononi, akauvuta kwa mshtuko, ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki humo. Ulikuwa mkono wa kulia, lakini yeye ni shoto, kwa hiyo ndio wa kubonyezea nyuzi. Kama wewe tu.

Bosi wake wa kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, yule mpiga gitaa aliyeungua mkono mwaka 1928 akawa anapiga solo kwa vidole viwili. Basi Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vikofia, akavisugua kwa msasa hadi vikakaa kidoleni, kisha akavibandika ngozi ya jaketi kuukuu ili visiteleze.

Mimi nilianza na mpira wa tyubu ya baiskeli. Unashika uzi vizuri, ila ukitelezesha kidole mpira unalia kama panya, na baada ya nyimbo tatu jasho linauvua. Fundi viatu akanipa kipande cha ulimi wa kiatu cha ngozi, nikashona, nikatia gundi. Ngozi mpya inang'ang'ania uzi. Ipe kama wiki mbili ilainike.

Shida kubwa ni kwamba hutausikia uzi. Kwa hofu unabinya kupita kiasi na noti inapanda. Mwalimu wetu alinisimamisha mara mbili kwamba gitaa halijatyuniwa, kumbe ni mkono wangu.

Hapo ndipo nyuzi nyembamba zinasaidia. Enzi za Iommi seti nyepesi hazikuuzwa, akachukua nyuzi za banjo. Baadaye akaanza kuzilegeza kabisa: kwenye albamu ya Master of Reality ya 1971 nyimbo kadhaa zimeshushwa nusu toni tatu. Ile sauti nzito ya kukwaruza ambayo watoto wa metali, yaani roki nzito, wanaiabudu, kwa maoni yangu nusu yake imetoka kwenye vile vidole. Wewe nunua seti ya 9 (uzi wake mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.009), shusha nusu toni moja, halafu mwambie mpiga kinanda ashushe naye kwa kile kitufe cha transpozi. Akikataa, hamisha mkono freti moja juu (freti ni vile vyuma vya kwenye shingo ya gitaa).

Na hakupiga miaka miwili mitatu tu. Waimbaji walikuja wakaondoka, Ozzy Osbourne akiwamo, Iommi ndiye pekee aliyemo kwenye albamu zote za bendi. Mwaka 2012 akaambiwa ana saratani ya limfu. Mwaka uliofuata albamu yao iitwayo "13" ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Tarehe 5 Julai 2025 alipanda tena jukwaani Villa Park, Birmingham, na wenzake wote watatu wa mwanzo, siku 17 kabla Ozzy hajafariki.

Kwa sasa usiguse nyuzi mpaka kovu lifunge. Mimi niliharakisha wiki ya tano, nikaacha damu freti ya saba. Ukipona niambie kucha imebaki kwenye kidole kipi, maana kofia ya kidole chenye kucha hushonwa tofauti.