Ana chonge, ana makucha, lakini si paka

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Picha ya fuvu uliyonitumia nimeipata, na swali lako pia: mnyama mwenye chonge ndefu vile, na makucha ya kuficha na kutoa, anakosaje kuwa paka?

Huyo ni Hoplophoneus, jina alilopewa na Edward Drinker Cope, mtaalamu wa wanyama wa kale, mwaka 1874. Aliishi Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita, na mifupa yake mingi imetoka Nebraska na South Dakota, Marekani.

Meno usiyatazame sana, ndiyo yanayodanganya. Ligeuze fuvu uangalie chini, nyuma ya maungio ya taya, mahali pa sikio. Paka yeyote, awe simba au huyu wa nyumbani, ana hapo kifuko cha mfupa chenye vyumba viwili, katikati kuna ukuta mwembamba. Hoplophoneus hana ukuta huo. Ndiyo maana amewekwa kwenye familia nyingine, Nimravidae. Chonge alizipata kivyake na paka wakazipata kivyao, kwa kuwa kazi ya kuua ilikuwa ileile.

Mimi kinachonivutia zaidi ni taya la chini. Kwa mbele mfupa umeshuka kila upande, na mdomo ukifungwa chonge hulala ubavuni mwake kama jambia na ala. Alihitaji kinga hiyo, kwa sababu jino refu na bapa likipindwa kwa upande huvunjika upesi. Inaelekea alimkaba mnyama kwanza kwa miguu ya mbele, iliyokuwa na nguvu nyingi, akamlaza, ndipo akamng'ata.

Na wenyewe kwa wenyewe hawakuoneana huruma! Mwaka 2010 msichana wa miaka 7, aliyetembelea hifadhi ya taifa ya Badlands, aliona fuvu la Hoplophoneus likichomoza ardhini. Lilipochunguzwa likakutwa na alama za kuumwa.

Umeuliza pia kama simba ametokana naye. Hapana, kundi lake halikuacha kizazi kilicho hai leo. Lilipotoweka, Amerika Kaskazini ilikaa mamilioni ya miaka bila mnyama wa umbo la paka, hadi paka wenyewe walipovuka kutoka Asia miaka ipatayo milioni 18 iliyopita. Smilodon, yule wa chonge anayejulikana na kila mtu, ni wa ukoo huo wa paka, naye alitoweka juzijuzi tu, miaka kama 10,000 iliyopita.

Baba yako