Kirikuu inapinduka au inabinuka?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea, niko Morogoro. Nimemfungia mteja jeki ya haidroliki kwenye kirikuu yake (kale kagari kadogo ka mizigo), bodi iwe inanyanyuka mbele na kumwaga mchanga nyuma. Kwenye risiti nikaandika "kutengeneza kirikuu ya kupinduka". Mteja kaisoma, kacheka, kakataa kuichukua. Karatasi iliyokuja na jeki nayo inasema "kitanda cha kuinua". Lipi sahihi?

JIBU: Mteja wako ana haki ya kucheka, fundi. Gari likipinduka, watu hukimbilia kuokoa majeruhi. Hiyo risiti inasema umemtengenezea ajali na bado unamdai hela.

Kupindua ni kugeuza kitu juu chini: meza, mtumbwi, hata serikali, ndiyo maana tunasema Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Bodi yako haifiki huko. Upande wa nyuma umeshikwa na bawaba, wa mbele unasukumwa juu na jeki. Kitendo hicho kina neno lake la siku nyingi: kubinua. Mtungi ukikaribia kuisha maji, kata haichoti tena, hivyo bibi huubinua kidogo, maji yakusanyike upande mmoja. Hajaupindua, akiupindua, maji yote yako chini.

Sasa tazama mwisho wa neno. Binua ina mtendaji: dereva anabinua bodi. Binuka haimtaji mtendaji, kitu chenyewe ndicho kinachofikwa na hali hiyo: bodi inabinuka. Ndivyo zilivyo pia inua na inuka, ng'oa na ng'oka. Kwa hiyo "bodi ya kubinuka" ni sawa kabisa ukiieleza bodi kwa sifa yake. Ila ukiripoti tukio, angalia. "Bodi imebinuliwa" maana yake kuna aliyeibinua. "Bodi imebinuka" inaacha mlango wazi: huenda imejibinukia yenyewe barabarani. Mchanga nao una tabia hiyohiyo. Ukimwagwa, umefika kwa mwenyewe. Ukimwagika, mtu atalipa.

Hiyo karatasi ya jeki iache. Kitanda ni cha kulalia, au kile cha mfumi wa nguo. Cha gari ni bodi, na hakuna dereva wa mchanga atakayekuelewa ukisema vingine. Kuinua nako hakutoshi, kwa sababu kitu kinachoinuliwa kinaweza kupanda kizima kizima kikiwa kimelala sawa. Ipo mitambo ya namna hiyo, ya jeki ya mkasi, inayopandisha bodi nzima kwanza ndipo iibinue. Huo ungekuwa mtambo wa kuinua na kubinua, maneno mawili kwa kazi mbili. Wako, kwa ulivyoueleza, unabinua tu.

Kuhusu "tipa", jina la mtaani la gari lenye bodi ya kubinuka, sina ugomvi nalo. Limeshakaa, lina wingi wake (matipa), na mtaani linaeleweka haraka kuliko maelezo yangu yote haya. Na umefanya vema kuandika "kirikuu yake". Wapo wanaolazimisha "kirikuu chake" kwa kuwa neno linaanza na ki-, lakini wenye magari hayo husema "kirikuu yangu", "kirikuu zetu", nami nawafuata wao.

Risiti isomeke hivi: "Kufunga jeki ya haidroliki na bawaba, bodi ya kubinuka." Ukipenda ufupi: "Kugeuza kirikuu kuwa tipa."

Na kwa kuwa umeshika kalamu, ongeza maandishi ubavuni mwa chasisi, kwa rangi inayoonekana: "Usiingie chini ya bodi iliyobinuliwa kabla ya kuweka mhimili." Hapo andika iliyobinuliwa, si iliyobinuka, maana anayeonywa mara nyingi ndiye aliyeibinua.