Kuomba DebConf ije chuoni kwenu

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi ili chuo chenu kiandae DebConf, mkutano wa mwaka wa watengenezaji wa Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta. Anzia hosteli, ukumbi baadaye. Wageni hukaa karibu wiki mbili, maana DebCamp, siku za kufanya kazi pamoja kabla ya mkutano, hutangulia, na wengi hukesha wakifanya kazi. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliwapokea Julai 2016. Kwa hiyo muone mshauri wa wanafunzi, akupe kwa maandishi tarehe za likizo na idadi ya vitanda. Kisha ingia bwenini saa nne usiku na laptopu yako, ujaribu intaneti chumba kwa chumba. Umeme ukikatika, hesabu dakika mpaka jenereta iwake. Hayo yaandike kwenye ombi kama yalivyo, hata yakiwa mabaya.