Jaji hurudi kwao: maswali yenu kuhusu barafu

Wiki mbili zilizopita, nikieleza ule ugomvi wa mashindano ya hina ambapo bibi harusi aliyeshinda alipambwa na mpwa wa mmoja wa majaji, niliandika mistari mitatu kwamba kisa kama hiki kilishatokea Salt Lake City mwaka 2002, kwenye mchezo wa kuteleza barafuni. Nikapita. Kumbe nimechokoza nyuki. Amu hii, ambayo barafu yake ni ile ya kutilia samaki, imeniletea maswali ya kutosha gazeti zima. Nimechagua haya.

Bwana mwandishi, punda akitangulia ametangulia, mashua ikizunguka boya mbele ya wenzake imeshinda. Hao watelezaji washindana nini hasa? — Mvuvi, Shela

Wanashindana kama wasomaji wa Qur'ani wanavyoshindana, si kama punda. Mtelezaji huvaa viatu vyenye ubapa wa chuma chini, muziki ukapigwa, akaruka, akazunguka hewani mara tatu au nne, akatua kwa mguu mmoja huku anarudi kinyumenyume. Wengine huingia wawili, mwanamume na mwanamke. Hakuna kamba ya kumalizia wala saa ya kushindana nayo. Kuna majaji tisa mezani, na kando yao jopo la ufundi linalotazama marudio ya video na kuamua mruko ulikuwa wa aina gani na mizunguko ilitimia au la.

Kila mruko una bei yake. Mruko uitwao Axel, wa mizunguko mitatu, kwa mfano, una pointi 8.00. Halafu kila jaji huupa daraja kuanzia -5 hadi +5, na kila daraja ni asilimia 10 ya ile bei. Kwa hiyo mruko uleule waweza kulipwa 12 au ukalipwa 4. Juu ya hayo kuna alama za usanii: mpangilio, uwasilishaji na ustadi wa kuteleza, kila moja hadi 10.

Wewe umekaa kwenye mashindano ya kuhifadhi, wajua. Kijana akisahau aya, kengele inalia, na hata mamake hana la kusema. Lakini zikifika alama za sauti, watu hutoka msikitini wamenuniana. Barafuni mambo ni hayohayo.

Hiyo 2002 ilikuwaje? Umetutajia ukatukimbia. — Bi wa hina, Langoni

Haya, kaa kitako.

Februari 2002, Olimpiki ya msimu wa baridi, mashindano ya jozi. Warusi walikuwa Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze, Wakanada Jamie Salé na David Pelletier. Usiku wa mwisho Sikharulidze akayumba alipotua mruko mmoja. Wakanada wakamaliza bila kosa la kuonekana, na ukumbi mzima ukasimama ukishangilia. Alama zikatoka: majaji watano kwa Warusi, wanne kwa Wakanada. Watano hao walikuwa wa Urusi, China, Poland, Ukraine na Ufaransa. Wanne walikuwa wa Marekani, Kanada, Ujerumani na Japani.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kilichowakera watu, na utaona pia aliyewashangaza. Mfaransa alifanya nini upande ule?

Jaji huyo aliitwa Marie-Reine Le Gougne. Baada ya mashindano, hotelini, alibubujikwa na machozi mbele ya wakuu wa mchezo, akasema amebanwa na mkubwa wa shirikisho la nchi yake, Didier Gailhaguet, awape Warusi. Malipo yake, ilisemekana, ni kura ya Mrusi kwa Wafaransa katika densi ya barafuni siku chache baadaye. Kisha akayakana maneno yake, akasema Warusi aliwaona bora kwa macho yake mwenyewe. Gailhaguet naye alikana. Wote wawili walifungiwa miaka mitatu na kuzuiwa wasiende Olimpiki ya 2006. Wakanada wakapewa dhahabu yao, na Warusi wakabaki na yao. Dhahabu mbili, mashindano mamoja. Ni kama pale Maulidini wazee wanapochoka na makelele wakatoa vikombe viwili ili watu wakalale.

Mimi nimeutazama mchezo ule mara nyingi kwenye simu. Ukiniuliza, Warusi walikuwa na madaha zaidi na Wakanada walikuwa salama zaidi, na mtu mwaminifu angeweza kwenda upande wowote. Ndiyo maana kisa kinaniuma. Yawezekana Warusi walistahili, lakini nani atawaamini tena? Wale vijana wawili hawakumhonga mtu, na mpaka leo wakitajwa hutajwa na doa.

Na usidhani ilianza hapo. Mwaka 1927, mjini Oslo, Sonja Henie wa Norwei alichukua ubingwa wa dunia nyumbani kwao kwa kura tatu kwa mbili. Majaji walikuwa watano. Watatu kati yao ni Wanorwei! Baada ya fedheha ile ndipo ikawekwa sheria ya nchi moja, jaji mmoja.

Nimesikia siku hizi alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa. Basi si dawa hiyo? — Fundi wa mashua, Matondoni

Ni dawa ya mwizi mmoja. Chukua kalamu yako ya kupimia mbao, fundi, tuhesabu.

Majaji tisa. Wanane wanampa mtu 8.00, mmoja mpenda kwao anampa 9.50. Ile 9.50 ni ya juu kabisa, inatupwa pamoja na 8.00 moja. Wanabaki saba, wastani 8.00. Mwizi ameondoka mikono mitupu.

Sasa sema wamepatana watatu. Sita wanatoa 8.00, watatu wanatoa 9.50. Inatupwa moja ya juu na moja ya chini. Zimebaki 8.00 tano na 9.50 mbili: jumla 59, gawa kwa saba, unapata 8.43. Bila kutupa kitu ungepata 8.50. Umeona chujio lilivyoshika? Pointi saba za mia. Na mashindano makubwa huamuliwa kwa tofauti ndogo mno.

Mfumo huu ulianza kutumika mwaka 2004, badala ya ule wa zamani wa kuhesabu hadi 6.0. Siubezi. Zamani jaji alimpanga mtu wa kwanza au wa pili kwa jumla tu, sasa lazima aweke mkono wake kwenye kila mruko, na hapo mwongo hutoa jasho. Lakini haukugusa kitu kimoja, nacho nitakifikia.

Kwa nini majina ya majaji yasifichwe? Jaji asiyejulikana hatishwi na mtu. — Mwanafunzi wa sekondari, Mkomani

Mwanangu, swali lako ni zuri kiasi kwamba waliwahi kulijibu kwa vitendo. Baada ya 2002 Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza, ISU, lilifanya hivyohivyo. Alama zilionyeshwa, lakini hukuweza kujua ipi ni ya nani. Kwenye Olimpiki ya 2006 walifika mbali zaidi: majaji 12 walikaa mezani na kompyuta ikachagua tisa kwa bahati nasibu. Hoja yao ni yako: mkubwa wa nyumbani asijue jaji wake alitii au hakutii, basi hawezi kumlipa wala kumwadhibu.

Yasikika vizuri. Lakini fikiri upande wa pili. Kama mkubwa hajui, wewe na mimi pia hatujui. Mwanauchumi mmoja wa Marekani, Eric Zitzewitz, alizichambua alama za kabla na baada, akakuta upendeleo kwa watu wa nyumbani haukupungua. Ulizidi.

Halafu ikaja Olimpiki ya Sochi, Urusi, 2014. Wanawake. Adelina Sotnikova, Mrusi, nyumbani kwake, alipata 224.59. Yuna Kim wa Korea Kusini, bingwa wa Olimpiki iliyotangulia, akapata 219.11. Korea ililia. Waliotia saini ya malalamiko mtandaoni walipita milioni moja. Mezani walikuwapo wawili wa kutiliwa shaka. Mmoja ni Alla Shekhovtseva, mke wa Valentin Piseev, kigogo wa shirikisho la Urusi, na mama huyo alionekana akimkumbatia Sotnikova baada ya mashindano. Mwingine ni Yuri Balkov wa Ukraine, ambaye alishafungiwa kwa muda wa mwaka mmoja, kwa sababu alirekodiwa kwenye simu akipanga nafasi za watu kabla ya densi ya Olimpiki ya Nagano, 1998.

Nisiwe dhalimu: Sotnikova aliruka miruko saba ya mizunguko mitatu, Kim sita, na kwa bei zilivyopangwa hilo lina uzito. Wako wataalamu waliomtetea. Lakini muulize mtu yeyote, jaji gani alimpa Sotnikova nini? Haikuwezekana kujua. Pazia lile lililowekwa kumkinga jaji mwema likamfunika kila mtu, mwema na mbaya, na malalamiko ya Korea yakatupwa.

Mwaka 2016 ISU wakaliondoa pazia. Miaka miwili tu baadaye, baada ya Olimpiki ya PyeongChang, majaji wawili wa China, Chen Weiguang na Huang Feng, walifungiwa kwa kuwapendelea watu wao. Ushahidi ulikuwa alama zao wenyewe, zenye majina yao.

Nyongeza kidogo kuhusu Nagano, maana inanichekesha na kuniudhi pamoja. Aliyemrekodi Balkov ni jaji wa Kanada, Jean Senft. Naye pia alifungiwa, miezi sita, kwa kupendelea Wakanada. Nyani haoni kundule, lakini kumbe anaweza kurekodi la mwenzake.

Binti yangu ameona video ya yule Mfaransa mweusi aliyepinduka hewani akatua kwa mguu mmoja. Asema walimnyima kwa rangi yake. Ni kweli? — Mama wa watoto wanne, Shela

Surya Bonaly. Mwambie binti yako ana jicho.

Bonaly alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano na wa pili duniani mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Ile ya 1994, mjini Chiba, alishindwa na Yuka Sato wa Japani kwa kura tano kwa nne. Akakataa kupanda jukwaani, na alipovishwa medali akaivua mbele ya watu. Mpinduko ule ni wa Nagano, 1998. Ulikuwa marufuku tangu miaka ya 1970, naye alijua atakatwa alama. Alikuwa ameumia, ushindi umeshampita, akaamua kuwaachia kitu cha kukumbuka. Alimaliza wa kumi. Mwaka 2024 marufuku ikaondolewa, sasa kila mtu ruhusa.

Kuhusu rangi: hakuna jaji aliyeandika karatasini “huyu mweusi.” Walichosema ni kwamba ana nguvu lakini hana madaha, hana mistari mizuri. Mwenye kuchagua maneno hayo ndiye aliyeshika kipimo. Bibi zetu wana kipimo chao cha mwendo wa kike, na ukimleta jaji kutoka Oslo atazame lelemama atasema wachezaji hawajitumi. Siwezi kukuapia moyo wa jaji, lakini najua alama za madaha ndizo mahali rahisi pa kuficha lolote.

Kenya tuna watelezaji? — Bila jina

Kiwanja cha barafu kilifunguliwa Nairobi, Barabara ya Mombasa, mwaka 2005, na kikazaa timu ya magongo ya barafuni, Ice Lions. Olimpiki ya baridi tumepeleka watu wa theluji: Philip Boit 1998, Sabrina Simader 2018. Wa kuteleza kwa madaha bado.

Basi ungekuwa wewe ungefanyaje? Maana kulaumu ni rahisi. — Mwenye duka, barabara ya Mkunguni

Ningeanza na nauli.

Jaji wa barafuni huteuliwa na shirikisho la nchi yake. Ndilo lililomlea, ndilo litakaloamua kama mwakani atasafiri tena. Kwenye mchezo wa kuruka kwa ski, zile mbao za kutelezea thelujini, ambao nao una majaji, watano, wa kupima umbo la mrukaji, wanaochagua majaji wa mashindano makubwa ni shirikisho la kimataifa. Zitzewitz huyohuyo alilinganisha michezo hii miwili. Majaji wa kote kuwili hupendelea kwao, ndiyo, ni binadamu. Lakini kwenye ski wenzao mezani huvuta upande wa pili kusawazisha, na wanaopendelea kidogo ndio huitwa Olimpiki. Barafuni alikuta majaji wakibebana kwa makundi na kubadilishana kura.

Mtu mmoja, udhaifu mmoja, tofauti ni nani anamkatia tiketi. Hata hapa, jaji wa mashua aliyeletwa na mtaa wake hatalala kwake akiutoa mtaa wake. Atakutana nao sokoni alfajiri.

Nimeombwa kuwa jaji wa mashairi mwezi ujao. Shemeji yangu anashindana. Nikikataa watasema najivuna. — Mwalimu, Langoni

Mwalimu, subalkheri. Hili nalijua kwa mwili wangu. Miaka kadhaa nyuma nilikaa meza kama hiyo, na mtoto wa mjomba akasimama na shairi lake. Niliapa moyoni nitakuwa mkali. Nikawa mkali mno, nikamshusha mpaka wa tano, na shairi lilikuwa la pili kwa haki kabisa. Mjomba alikaa Ramadhani nzima hanijibu salamu, na hakukosea.

Nenda leo kwa mwenye shughuli, si siku yenyewe. Mwambie jina la shemeji yako na uhusiano wenu, mwombe akutoe kwenye kundi lake tu, uhukumu mengine. Akikwambia “haidhuru, twakuamini,” mwombe asome hilo kwa kipaza sauti kabla ya shairi la kwanza. Utaona atakavyokutafutia badali upesi.