Kwa unayeanza utafiti wa insulini na sodiamu kwenye figo

Ukishapangiwa mada hii, jiandae kuulizwa na kila mtu: insulini si ya sukari? Ni ya sukari, lakini figo nazo zinaitii. Mwaka 1975 Ralph DeFronzo na wenzake wa Marekani waliwapa watu wenye afya insulini kwenye mshipa, huku wakiwaongezea glukosi ili sukari ya damu isishuke. Sodiamu kwenye mkojo ilipungua kwa karibu nusu. Kiasi cha damu kinachochujwa hakikubadilika, wala aldosteroni, homoni nyingine inayoifanya figo irudishe sodiamu, haikupanda. Mabadiliko basi yalikuwa kwenye mirija ya figo yenyewe: ilikuwa inarudisha sodiamu nyingi zaidi mwilini. Anza kwa kuisoma kazi hiyo, hata kama maabara yenu inashughulika na protini moja tu, maana humo ndimo utajua kwa nini protini hiyo inatafutwa.

Kisha piga hesabu mwenyewe. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 kwa siku. Sodiamu iliyomo humo ingetosha kilo moja na nusu hivi ya chumvi ya mezani, na zaidi ya asilimia 99 yake hurudishwa. Theluthi mbili hurudi katika sehemu ya kwanza ya mrija, robo kwenye kitanzi cha Henle, na iliyobaki huko mwishoni. Insulini inagusa karibu sehemu zote hizo, ila kwa njia tofauti. Mwanzoni mwa mrija inachochea protini iitwayo NHE3, inayoingiza sodiamu kwenye seli na kutoa hidrojeni. Kwenye mifereji ya kukusanyia mkojo inachochea njia ya sodiamu iitwayo ENaC. Kwa hiyo mtu akikuambia “seli za figo”, muulize ni za wapi. Mimi nikikuta makala isiyojibu swali hilo katika ukurasa wa kwanza, huendelea kuisoma kwa shaka.

Tuchukue ENaC, kwa kuwa ndiyo wengi wenu mtaanza nayo. Insulini hushika kipokezi chake upande wa seli unaotazama damu. Ishara inapita kwenye kimeng'enya PI3K na kufika kwa kingine, SGK1. SGK1 ikiwaka inabandika fosfati kwenye protini Nedd4-2, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuzitia alama ENaC ili ziondolewe kwenye utando wa seli zikavunjwe. Nedd4-2 yenye fosfati haizishiki tena. ENaC zinakaa kwenye utando muda mrefu zaidi, sodiamu inaingia kutoka kwenye mkojo, na upande wa pili pampu ya sodiamu na potasiamu inaisukuma kuelekea damuni. Anayedhani haya ni mambo ya maabara tu autazame ugonjwa wa Liddle: kipande cha ENaC kinachoshikwa na Nedd4-2 kimeharibika kwa kurithi, na presha inapanda mgonjwa angali kijana.

Shika jambo moja hapa. Aldosteroni huifanya seli itengeneze SGK1 kwa wingi, na insulini ndiyo inayoiwasha. Homoni hizi mbili zinakutana mahali pamoja, na tabu nyingi za meza ya maabara zinatokana na hapo.

Usikimbilie kuandika kwamba insulini inapandisha presha. Panya waliopewa insulini kwa siku nyingi presha ilipanda, mbwa, haikupanda. Insulini pia hulegeza mishipa ya damu, na mwili una njia zake za kuitoa sodiamu iliyozidi. Mkondo wa sodiamu kwenye sahani ya seli haujawa presha ya mtu.

Sasa twende kwenye meza ya maabara. Soma lebo ya midia ya kukuzia seli kabla hujagusa kitu. Midia nyingi za seli za mifereji hii huwekwa insulini tangu mwanzo, mara nyingi mikrogramu 5 kwa mililita, ambayo ni kama nanomoli 860 kwa lita. Huwekwa pia deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na seramu nayo huja na homoni zake. Ukiongeza insulini juu ya hayo, seli hazitakuonyesha kitu, nawe utadhani dawa imeharibika. Zihamishie kwenye midia isiyo na insulini wala seramu usiku kucha, na kuhusu steroidi amua mapema: iwepo kwenye sahani zote au isiwepo kabisa.

Kipimo nacho. Wengi hutumia nanomoli 100 kwa mazoea. Baada ya mlo, damu ya mtu huwa na pikomoli mamia tu kwa lita, yaani chini kwa zaidi ya mara mia, na kwa kipimo kikubwa hivyo insulini hushika pia kipokezi cha IGF-1, homoni inayofanana nayo. Pima viwango kadhaa ukianzia chini. Kwenye miyeyusho hafifu tia albumini kidogo, kwani insulini hung'ang'ania plastiki, na kinachobaki kwenye maji si ulichopima.

Seli zikue juu ya kichujio, na insulini iende chini, upande wa damu. Kabla ya kuanza pima ukinzani wa umeme wa tabaka la seli; tabaka linalovuja halitakupa jibu. Mbinu yenyewe ya kupima mkondo wa umeme unaobebwa na ioni zinazopita kwenye tabaka hilo ni ya Hans Ussing wa Denmark, aliyeichapisha mwaka 1951 akitumia ngozi ya chura, na mantiki yake haijabadilika. Mwishoni weka amiloridi, dawa inayoziba ENaC, mikromoli 10 kwa lita upande wa juu. Usizidishe sana, maana ikiwa nyingi huziba hata NHE. Mkondo unaoanguka hapo ndio wa ENaC. Unaobaki ni wa ioni nyingine, kloridi mara nyingi. Toa huo uliobaki kwenye kila sahani, zile zisizopewa insulini zikiwamo, ndipo ulinganishe.